Mguu Uliotangulia

Lan alinipigia simu mwanzoni mwa machipuko, kama afanyavyo karibu kila mwaka, kunikaribisha Houston tukafagie kaburi la baba yake. Kwao Wachina kuna siku ya kazi hiyo: ndugu wanakwenda makaburini na mafagio na machungwa, wanang'oa magugu, wanaosha jiwe, wanakula pale pale huku wakizungumza na marehemu kama mtu aliyekaa chumba cha pili. Nilimjibu kuwa nitakuja. Tukaulizana habari za watoto, tukalaumu mvua, na mimi nilikuwa nimeshaanza kuishusha simu sikioni niliposikia, "Asante, dada." Kwa Kiswahili. Mimi na Lan tunafahamiana tangu ujana wetu, na siku zote tumezungumza Kiingereza, yeye na lafudhi yake na mimi na yangu. Kiswahili kilikuwa lugha yangu mimi na baba yake. Nilibaki nimesimama jikoni kwangu, hapa Haltom City, pembeni ya Fort Worth, chai ikipoa mezani, kama niliyeitwa jina langu katika nyumba isiyo na mtu. Nilijua kuna jambo. Na njia yote ya kwenda kusini, malori yakinipita kulia na kushoto, nilikuwa nikirudi katika mwaka ule mmoja niliokaa nyumbani kwao, kwa sababu ni mwaka ule ulionifundisha kwa nini mtu anaweza kuikimbia lugha yake mwenyewe.

Nilikuwa msichana bado, nikisomea uuguzi jioni na mchana nikihudumia wagonjwa majumbani. Niliishi kwa Bi Zuhura, binamu ya mama yangu, upande wa kusini-magharibi wa Houston. Siku moja nilikuwa nimempeleka bibi mmoja kliniki, nimekaa kwenye viti vya kusubiria, nazungumza na Bi Zuhura kwenye simu ya ukutani. Alitaka nimpitishie nazi. Nikamwambia nazi za dukani kule zimekauka, hata ukizitikisa hazisemi. Nyuma yangu sauti ya mwanamume ikasema, taratibu kabisa, "Nazi nzuri hapa hakuna, dada. Nazi nzuri Dar es Salaam." Niligeuka. Alikuwa mzee wa Kichina, mwembamba, kofia ya kitambaa kichwani, mguu mmoja kwenye kiatu na mwingine kwenye bendeji na ndara. Pembeni yake amesimama mwanamke wa rika langu, mdomo wazi. Yule ndiye Lan, na aliniambia baadaye kwamba katika maisha yake yote hakuwahi kumsikia baba yake akizungumza lugha ile na mtu.

Mzee Guo alikuwa mpima ardhi. Alipokuwa kijana alipelekwa Tanzania kujenga ile reli inayotoka Dar es Salaam kwenda Zambia, akaishi kambini miaka kadhaa, milimani na mabondeni. Kiswahili chake kilikuwa cha kazi: leta, shika, simama, polepole. Kitu chochote kibaya kwake kilikuwa "hatari." Mvua, hatari. Chumvi nyingi kwenye mchuzi, hatari. Daktari wake wa miguu, "huyu hatari sana." Haukupita muda Lan akaniomba nihamie kwao Pearland, nje kidogo ya Houston, nimhudumie baba yake wakati yeye na mumewe wapo kazini. Mumewe alikuwa mtu wa safari, leo yupo kesho hayupo. Lan mwenyewe alifanya kazi ya famasia katika mojawapo ya zile hospitali kubwa za mjini. Nilipomweleza Bi Zuhura, alicheka mpaka akashika ubavu. "Mchina anazungumza Kiswahili? Basi na mimi ni Malkia wa Uingereza! Haya nenda, mwanangu, lakini angalia wasikulishe kitimoto."

Hawakunilisha nguruwe. Lan alininunulia sufuria yangu, akaifunga uzi mwekundu kwenye mpini wake, na mpaka naondoka nyumba ile hakuna aliyeigusa. Naikumbuka nyumba kwa harufu zake: uji wa mchele wenye tangawizi asubuhi, vitunguu vya majani vikikaangwa jioni, zulia lililolowa unyevu wa Texas ambao hakuna kiyoyozi kinachouweza. Sebuleni kulikuwa na rafu yenye picha ya mke wa Mzee Guo, aliyefariki kabla sijawajua, na mbele yake sahani ya machungwa na kibakuli cha majivu kilichochomekwa vijiti vyembamba vya ubani wao. Lan aliviwasha mwanzo wa mwezi na katikati ya mwezi, akainama, basi. Hakuna aliyetaja kifo katika nyumba ile. Walisema mama "aliondoka." Walisema mguu wa baba "umechoka." Mzee alikuwa na kisukari, na kidonda cha kidole gumba kilikuwa kimekataa kupona. Mimi ndiye niliyekisafisha kila siku, na mimi ndiye niliyeona weusi ukitoka kidoleni kwenda kidole cha pili, kimya kimya, kama maji yanayopanda ukutani. Nilikuwa naogopa kufungua bendeji asubuhi. Nilikuwa naifungua huku nikimsimulia habari za kwetu Zanzibar.

Harufu ilikuja baadaye. Wauguzi wanaijua, mtu akishainusa mara moja haisahau. Mzee mwenyewe aliona haya, akawa anafunga mlango wa chumba chake wakati wa chakula. Nami nikafanya kile ambacho mama yangu angefanya: Alhamisi moja, baada ya kusali alasiri, nilichukua ubani niliopewa na Bi Zuhura nikaufukiza chumbani kwake. Sikuwa na chetezo wala mkaa, nikatumia sufuria kuukuu niliyoipasha kwenye jiko la umeme. Kwetu ubani ni usafi, ni kumwambia mgonjwa kwamba chumba chake bado ni cha watu. Moshi ukajaa, king'ora cha moto kikaanza kulia darini, nikawa nakipepea kwa taulo huku Mzee ananielekeza, "Kulia! Kulia! Polepole!" Ndipo Lan akaingia kutoka kazini kupitia mlango wa gereji. Nilisikia mkoba ukianguka. Alikuja mbio, akiita "Ba! Ba!" kwa sauti ambayo sijaisikia tena kwake, na alipomwona baba yake ameketi kitandani, mzima, amejikunja kwa kicheko, akakaa chini kwenye zulia akalia.

Nilidhani amekasirika kwa ajili ya moshi. Mzee ndiye aliyenieleza. "Salma, hapa moshi huu ni wa maiti. Chumba cha mgonjwa, moshi? Lan amefikiri mimi nimekufa." Akajipiga kifuani. "Bado! Bado!"

"Anasema nini?" Lan aliuliza, akipangusa uso.

"Anasema yupo," nilimjibu.

Baada ya siku ile nikagundua jambo ambalo nimelibeba mpaka leo. Mzee Guo, ambaye kwa Kichina hakuwahi kulitamka neno kifo, kwa Kiswahili alilitamka kama mtu anayeomba chumvi. Nikifa, nitakufa, watu walikufa. Nilimuuliza siku moja, nikimkata kucha za mguu mzima. Alifikiri kidogo. "Kwa Kichina siwezi. Nikisema, nyumba inasikia. Kiswahili, nyumba haielewi." Kwao, aliniambia, neno la kifo ni kama mgeni: ukilitaja umelikaribisha. Lakini katika lugha ya kambini, kati yake na msichana wa Kizanzibari, neno lile halikuwa na njia ya kuingilia. Liliweza kukaa mezani likanywa chai na sisi, kisha likaenda zake.

Ndivyo nilivyosikia habari za Chang. Walikuwa wakipasua mlima, kusini huko, mwamba ukaporomoka kabla ya wakati. Chang, aliyelala kitanda cha jirani na Mzee kambini, alifariki pale pale, na mkono wake mmoja haukuonekana. Daktari wa kambi alitaka azikwe jioni ile kwa sababu ya joto. Wenzake wakakataa kumzika bila mkono. Walichimba kifusi kwa mikono, Wachina na Watanzania pamoja, mpaka asubuhi mtu mmoja wa Mlimba akaita. "Tumepata," Mzee alisema, na hapo macho yake yakawa mbali. "Tukafunga nguo nyeupe, tukaweka pamoja naye. Tukamzika huko. Nyumbani hakurudi. Lakini mzima. Mama yake tulimwandikia: mwanao yuko mbali, lakini mzima."

Hapa nisimame nieleze, maana wanafunzi wangu huniuliza. Siku hizi nawafundisha kazi hii kina mama wengi waliotoka Kongo, na wao wameona maiti wengi kuliko mimi. Wanauliza, mkono wa marehemu una faida gani? Kwa mafunzo ya zamani ya Kichina, mwili si mali yako. Umepewa na baba na mama, kuanzia nywele mpaka kucha, na heshima ya kwanza ya mtoto kwao ni kuutunza na kuurudisha kama ulivyo. Mtu anayekufa anakwenda kukutana na wazee wake. Atasimama mbele yao namna gani, amepungua? Hata wakati wa wafalme wao, aliyehukumiwa kifo aliona nafuu kunyongwa kuliko kukatwa kichwa, ingawa kunyongwa kuna maumivu marefu zaidi, kwa sababu aliyenyongwa alizikwa mzima na aibu yake ikapungua. Kufa hakukuwa jambo baya kupita yote. Baya kupita yote lilikuwa kufika umevunja ulichokabidhiwa. Nilipomwambia Mzee kwamba sisi tuna neno la kitu unachokabidhiwa ukirudishe salama, na kwamba neno lenyewe ni amana, alilirudia mara kadhaa akilionja. "Amana. Ndiyo. Mguu, amana."

Kwa hiyo daktari aliposema kwamba vidole haviokoleki tena, mguu utakatwa chini ya goti, na upesi, kabla sumu haijaingia kwenye damu, mimi nilikuwa nalijua jibu kabla Lan hajamaliza kutafsiri. Mzee alitabasamu kwa adabu, akasema hapana. Daktari akaeleza tena. Hapana. Tukarudi kwenye gari. Lan aliendesha akiwa ameukamata usukani mpaka vidole vikawa vyeupe.

Wiki ile naikumbuka kama pumzi moja iliyozuiwa. Nilimpima joto asubuhi, mchana na jioni, na kila nikisubiri kipimo nilitazama ukuta ili nisiutazame uso wake. Weusi ulikuwa umefika kwenye unyayo. Lan alipunguza saa zake kazini, akawa anapika vyakula ambavyo hakuna aliyevila. Kisha akaja Jian, kaka yake, mhandisi, kutoka California. Alikuwa mtu mrefu mwenye haraka, na nakiri nilimwogopa. Walikaa jikoni na dada yake, mlango wa chumba cha Mzee umefungwa, mimi nikimenya tangawizi kwenye sinki. Walianza kwa Kichina, lakini Jian, kama wengi waliokulia shule za huku, alipokasirika alihamia Kiingereza.

"Tutamwambia wanakwenda kusafisha kidonda," alisema. "Mimi nitakuwa naye pale, mimi nitamtafsiria. Akiamka, ameamka. Atanichukia. Anichukie akiwa hai."

"Ataona, Jian. Atatazama chini aone."

"Ataona akiwa hai!"

Nadhani waliona mgongo wangu umekakamaa, maana Jian alinigeukia, sauti ikashuka. "Dada, usitufikirie vibaya. Kwetu mgonjwa habebi habari ya ugonjwa wake. Tunambebea sisi. Ndiyo kazi ya mtoto." Na nikaona macho yake yamejaa. Nimekutana na familia nyingi baada ya hapo zinazomficha mzee wao, Wachina na wasio Wachina, na huwa namkumbuka Jian kabla sijafungua mdomo. Si dharau. Ni mtu anayejaribu kuingia kati ya baba yake na hofu, akapigwa yeye.

Miadi ilikuwa Jumatatu. Jumapili mchana Lan alipika samaki mzima, kichwa na mkia, kama walivyopika kila jambo kubwa likiwa linakuja, kwa kuwa kitu kizima mezani ni kheri. Mzee alitolewa chumbani kwa kiti cha magurudumu, amevaa shati safi. Jian alimwambia kwa Kichina, kwa uchangamfu uliozidi, na nilitambua ni habari ya kesho: kusafisha, kidogo tu, na kurudi nyumbani. Mzee aliitikia kwa kichwa. Alimtazama yule samaki kwa muda. Kisha, bila kuinua macho, akasema kwa Kiswahili, kama anayeomba bakuli:

"Salma. Watakata?"

Mzee akainua macho sasa. Wote watatu walikuwa wananitazama, na wawili kati yao hawakujua nimeulizwa nini. Ningesema hapana, ningekuwa nimemdanganya katika lugha pekee aliyobakiza ya kuambiwa kweli. Ningesema ndiyo, ningekuwa nimewanyang'anya watoto wake jambo lao mezani kwao, mbele ya samaki wao. Nilitafuta neno la tatu. Sikulipata. Nikanyamaza, na nikahisi kimya kile kikiwa kirefu, kikikua, kikijibu chenyewe.

"Basi," Mzee alisema. "Nimejua." Akaviweka vijiti vyake vya kulia chini, sambamba, taratibu sana.

"Amekuuliza nini?" Jian alisema.

"Ameuliza habari ya kesho."

"Ukamjibu nini?"

"Sikumjibu kitu."

"Ndiyo," alisema Lan. Alikuwa amefunika uso kwa viganja. "Hakumjibu kitu. Nimeona."

Mzee Guo hakwenda hospitali Jumatatu. Alikataa chakula, akakataa dawa, akageuka ukutani. Nje kwenye njia ya gari Jian alizunguka akipiga kelele, mara anilaumu mimi, mara alaumu jua. Mchana joto la mwili lilipanda. Niliingia bafuni nikampigia Bi Zuhura, nikamweleza kwa minong'ono kwamba mtu atakufa kwa ajili ya mguu, na nusu ya kosa ni langu.

"Kosa gani, we mtoto? Wewe ndiye uliyeuozesha?" Kisha akauliza, "Sasa huo mguu wakishaukata wanaupeleka wapi?"

"Wanauchoma, nadhani. Sijui."

"Wanauchoma!" Nilimsikia akikaa kitako. "Salma, umemsahau mjomba wetu Mbarouk? Si na yeye alikatwa? Wakauvika sanda mguu wake wakauzika, na wanaume wakaenda mazikoni. Mimi nilikuwa mdogo, nikamuuliza mama, mjomba kafa? Akaniambia hajafa, katanguliza mguu. Na kila Ijumaa anajikongoja na magongo yake kwenda kuuzuru! Tulikuwa tunamcheka, Mungu atusamehe. Mtu anautembelea mguu."

Nilipotoka bafuni nilimkuta Lan ameketi sakafuni, nje ya mlango wa baba yake. Nikakaa naye. Nilimsimulia habari ya Mbarouk, na habari ya Chang pia, ambayo yeye hakuwahi kuisikia, kwa sababu baba hamsimulii mwanawe habari za maiti. Alisikiliza akiuviringisha uzi wa zulia kidoleni. Nilimwambia sitaingia kumwambia baba yake neno mpaka yeye aniruhusu. "Mwambie," alisema. "Hospitali wanaweza kuturudishia mguu tuuzike, nimeshaona watu wakiomba kwa ajili ya dini zao. Sikufikiria kwamba na sisi... Mwambie wewe. Mimi nikilitaja neno la kaburi mbele yake, nitakuwa kama niliyelikaribisha." Alisimama akaja na mimi, lakini alibaki kwenye kizingiti.

Niliketi upande wa ukuta ili anione. Sikumshawishi, mgonjwa aliyechoka hushawishika vibaya. Nilimsimulia tu mjomba wangu: sanda, kaburi dogo, magongo, Ijumaa. Midomo ya Mzee ilikuwa imekauka, lakini hapo kwenye Ijumaa pembe ya mdomo ikasogea.

"Kila Ijumaa?"

"Kila Ijumaa."

"Anasema nini na mguu?"

"Anausomea dua. Na nadhani anaulalamikia magongo."

Alicheka, kicheko kikavu kilichogeuka kikohozi. Nilimpa maji, na aliyanywa. "Na alipokufa?"

"Alizikwa ubavuni kwake. Sasa wako pamoja."

Alitazama dari, pale kilipokuwa king'ora cha moto. "Mkono wa Chang," alisema, "ulichelewa. Tukasubiri." Akainua kiganja, akakigeuza, kama anayepima kitu chenye uzito. "Mguu huu utawahi. Mguu utasubiri." Kisha akamwita Lan, kwa Kichina, na akazungumza naye kwa muda ambao sikuwa na haja ya kuelewa. Lan alikuwa amepiga magoti kando ya kitanda, anaitikia kila neno. Alipotoka alikwenda moja kwa moja kwenye simu.

Jian ndiye aliyetengeneza sanduku. Hakuambiwa. Alikwenda akanunua mbao nzuri, na asubuhi ya upasuaji, kabla hatujaondoka, nilikuwa nikimvisha Mzee soksi ya mwisho ya mguu ule huku nikisikia msumeno gerejini, ukisimama, ukianza. Hospitalini tulikaa kwenye chumba cha kusubiri chenye televisheni isiyozimika. Lan alishika mkono wangu bila kujua ameushika. Daktari alitoka akiwa amevua kofia, na mpaka alipotabasamu sikuweza kukisoma kitu usoni mwake. Sumu haikuwa imefika juu.

Tuliuzika siku ya mawingu, katika kiwanja ambacho Mzee alikuwa amekinunua zamani pembeni ya mkewe. Alivaa suti. Tai alifungwa na Jian. Aliomba asukumwe mpaka ukingoni, akamsemesha mke wake kwa Kichina, maneno machache, akitazama lile sanduku likishuka. Lan alinitafsiria sikioni: "Anamwambia Mama amshikie huo mguu, yeye anakuja." Mzee alitusikia tukinong'ona kwa Kiingereza, akageuka kwangu akamalizia mwenyewe: "Polepole."

Alikuja polepole kweli. Aliishi miaka ya kutosha kumbeba Kevin, mtoto wa Lan aliyezaliwa baada ya mwaka ule, na kumfundisha kusema "hatari" kabla hajajua kusema kitu kingine. Na kila machipuko alikwenda kuutembelea mguu wake, akautaka radhi kwa kuuchelewesha. Alipofariki nilikuwa nimehamia Fort Worth. Nilifika wakati wanafukia. Alizikwa mzima.

Na sasa nimefika tena. Kevin alinipokea langoni mwa makaburi, kijana mrefu kama mjomba wake, akachukua kikapu changu, akaniita Auntie, akaniuliza kwa Kiingereza habari za barabara. Lan alikuwa tayari kaburini, anafagia. Nilimwona kwa mbali na nikajua, kwa namna ambayo kazi yangu imenifundisha kujua: jinsi nguo ilivyoning'inia mabegani, jinsi alivyousimamisha ufagio kila baada ya kufagia mara moja ili auegemee. Tukakumbatiana. Alikuwa mifupa mitupu. Tuliosha jiwe, tukapanga machungwa. Kevin alikuwa akipambana na kiberiti kwenye upepo, nyuma yetu, hatua chache. Lan hakunitazama. Alitazama jina la baba yake, akaendelea kufagia mahali palipokwisha kuwa safi, na akasema, kwa Kiswahili alichokiokota jikoni kwake mwaka ule bila sisi kujua anaokota:

"Dada Salma. Mimi naumwa. Hatari."

Njiti ya kiberiti ilizimika. "Mama amesema nini?" Kevin aliniuliza, kwa Kiingereza, akicheka nusu, kwa sababu neno la mwisho alilijua. "Auntie? Amesema nini?"

Nikajiona tena mezani kwao Pearland, mbele ya yule samaki mzima. Lan alikuwa ameinamisha kichwa. Alikuwa amelileta neno mpaka hapa, mahali pasipo na nyumba ya kulisikia, na nguvu zake zilikuwa zimeishia hapo.

"Muulize mama yako," nilimwambia kijana. "Muulize sasa hivi. Mimi niko hapa, siendi popote."

Kevin alimtazama mama yake, na kicheko kikamtoka usoni. Akauchukua ufagio mkononi mwa mama yake, akauegemeza kwenye jiwe la babu, akamshika viwiko vyote viwili, akauliza.